Umeambiwa 'subiri, tuko na mpango'? Fan wa Sotik, hivi ndivyo utajua kama ni mpango kweli ama ni porojo

Wikendi ikifika Sotik, kama unataka kiti kwenye hoteli yenye TV kubwa, fika mapema. Ukichelewa utatazama mechi ukiwa umesimama mlangoni, chai mkononi, shingo imepinda. Upande mmoja wamejaa wasee wa Arsenal, upande ule mwingine Man U, na wa Chelsea wametawanyika hapo katikati wakichochea pande zote mbili.

Refa akimaliza mechi ndiyo mambo yanaanza. Timu ikishinda, mpango unafanya kazi. Ikichapwa, utasikia: "Tulieni, hii ni project." Na wa upande wa pili anajibu: "Project gani hiyo ya miaka na mikaka?"

Sasa wewe fan, swali ni hili: utajuaje kama klabu yako iko na mpango wa ukweli, ama unapigwa na maneno matamu kila msimu? Usidhani ni jambo dogo. Hapo kuna doh yako ya jezi na kiingilio, kuna miaka yako, na kama uko na kijana anayecheza mpira kule kijijini, kuna maisha yake pia.

Poa ni kwamba mtu wa Sotik hahitaji profesa wa kumwelezea. Jibu liko kwa majani chai.

Shamba lililopogolewa na shamba lililoachwa

Kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, mkulima hupogoa chai. Panga inapita, majani yote yanaenda chini, kinabaki kisiki na vijiti. Mgeni kutoka Nairobi akipita hapo atasema shamba limekufa. Lakini mwenye shamba anajua kwamba baada ya miezi kama mitatu machipukizi yatakuwa tayari kuanza kuchumwa, na mti utazaa vizuri kuliko mwanzo.

Shida ni kwamba hata shamba lililoachwa huonekana vibaya. Ukisimama barabarani unaona mawili yote hayana mavuno. Tofauti ni kwamba moja lina mwenyewe anayehesabu siku, na lile lingine lina mwenyewe anayeahidi tu.

Klabu za mpira ziko hivyo hivyo. Timu inayojengwa hupoteza mechi, na timu inayooza pia hupoteza mechi. Ukiangalia matokeo ya Jumapili moja huwezi kujua ni gani. Kwa hivyo tafuta hizi alama tano.

1. Kuna hatua unazoweza kuhesabu

Chukua Arsenal, kwa sababu najua mtaniuliza. Mikel Arteta alichukua timu Desemba 2019. Akabeba kombe la FA 2020, lakini kwenye ligi alimaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo. Msimu wa 2021/22 ulipoanza, Arsenal ilipoteza mechi tatu za kwanza bila kufunga bao hata moja, ikaburura mkia wa jedwali. Kwenye hoteli zetu, wasee wa Man U hawakuwa wanakula chakula siku hizo. Walikuwa wanashiba kwa kucheka.

Lakini angalia kilichokuwa kinaendelea chini ya maji. Kiangazi hicho cha 2021 klabu ilisajili wachezaji sita, na wote walikuwa na miaka 23 kushuka chini, akiwemo Martin Odegaard. Bukayo Saka, aliyelelewa kwa akademia yao, alikuwa tayari uwanjani. Msimu huo waliuanza mkiani wakaumaliza nafasi ya tano. Halafu wakamaliza namba mbili 2023, namba mbili 2024, namba mbili tena 2025.

Unaweza kumcheka mtu kwa kumaliza namba mbili mara tatu, hiyo ni haki yako kama jirani. Lakini nane, nane, tano, mbili ni ngazi, na unaiona ikipanda. Kwa hivyo mtu akikwambia "subiri", muulize: nisubiri mpaka lini, na mwaka huu nitaona nini ambacho mwaka jana sikuona? Akikosa jibu la hilo swali, jua ni porojo.

2. Kocha akienda, mpango unabaki

Sir Alex Ferguson alistaafu 2013. Baada yake Man U ikamchukua David Moyes, ambaye hata msimu mmoja hakumaliza. Akaja Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjaer, Erik ten Hag, halafu Ruben Amorim. Kila mmoja alikuja na mfumo wake na orodha yake ya wachezaji. Msimu wa 2024/25 klabu ilimaliza nafasi ya 15.

Hapo hakukuwa na umaskini. Pesa ilitumika ya kutosha. Kilichotokea ni kama mtu anayepogoa shamba lote, halafu kabla machipukizi yafike mkono wa mchumaji, anakuja mwingine na panga anaanza upya. Mkulima mjanja hupogoa sehemu kwa sehemu. Huku anakata, kule anachuma, na nyumbani chakula hakikosi.

Kwa hivyo uliza: huu mpango ni wa klabu ama ni wa huyu kocha? Kama ni wa kocha peke yake, siku akipigwa teke unaenda naye.

3. Pesa inatoka zaidi ya mfuko mmoja

Hapa tuache Uingereza turudi nyumbani.

Ukishuka na barabara kutoka Sotik, upite Chebilat na Keroka mpaka Kisii, halafu uendelee mbele, utafika Awendo. Hapo ndipo nyumbani kwa SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari. 2006 hao majamaa walibeba ligi ya Kenya, bila jina kubwa la Nairobi. Walikuwa na kampuni nyuma yao, na kampuni ilikuwa na miwa.

Lakini kampuni ilipobanwa kifedha, timu nayo ikabanwa. Oktoba 2019, SoNy ilitupwa nje ya ligi kuu baada ya kukosa kufika kwa mechi tatu. Hawakuteremshwa kwa kupigwa mabao. Hawakufika uwanjani tu. Kutoka mabingwa mpaka hapo ni miaka 13.

Na isidhaniwe ni SoNy peke yake. Mwaka huo huo wa 2019, SportPesa iliondoa udhamini wake kwa mpira wa Kenya, na klabu zikaanza kuhangaika. 2020 ikaja BetKing na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2 kwa ligi kuu. Fans wakapumua. Mwaka uliofuata, 2021, mkataba ukavunjika. Mpango wa miaka mitano uliishi kama mwaka mmoja.

Mkulima wa huku anaelewa. Ukitegemea bonasi ya chai peke yake, mwaka ikishuka karo inakushinda. Ndiyo maana wengi huweka pia ng'ombe wa maziwa. Klabu nayo inahitaji ng'ombe wake: kiingilio, wanachama wanaolipa, jezi, kuuza wachezaji kwa bei ya maana. Mdhamini aje kuongezea, asije kuwa ndiye kila kitu.

4. Kuna miche kitaluni

Timu isiyolea watoto inanunua mazao kwa jirani kila msimu, na jirani atapandisha bei.

Kenya tuko na mfano wetu wenyewe. 1987, kule Mathare, Nairobi, lilianzishwa shirika la vijana la MYSA. Watoto walicheza mpira, na kusafisha mtaa kulizipa timu zao pointi kwenye ligi. Kutoka kwa hao watoto ikazaliwa Mathare United mwaka wa 1994. Na 2008, Mathare United ikashinda ligi kuu ya Kenya.

Piga hesabu. Kutoka wale watoto wa kwanza mpaka ubingwa ni miaka 21. Hakuna mtu aliyeahidi kombe msimu ujao. Walianza na watoto, takataka na mpira.

Kwa hivyo klabu yako ikisema iko na mpango, usiulize tu straika mpya ni nani. Uliza timu ya chini ya miaka 17 inafanyia mazoezi wapi, nani anawafunza, na msimu uliopita ni wangapi walipandishwa timu kubwa. Kama jibu ni sifuri, hakuna kitalu.

5. Mizizi iko safi

Hii ya mwisho inauma, kwa sababu ni ya kwetu.

2017 ligi kuu ilipopanuliwa mpaka timu 18, Zoo FC ya Kericho ilikuwa kati ya zilizopanda. Mtu wa eneo la chai alikuwa na timu ya ligi kuu ya kwenda kutazama akiwa na nauli ya matatu tu. Gor Mahia walikuja Kericho. AFC Leopards walikuja. Na vijana wa huku wakaona njia: straika Nicholas Kipkirui alitoka hapo Zoo akasajiliwa na Gor Mahia. Kijana anayecheza peku peku karibu na kituo cha kuuzia majani alikuwa na jina la kutaja.

Halafu 2021 ikafika. Kamati ya nidhamu ya Fifa ikaiadhibu Zoo kwa kesi ya kupanga matokeo. Timu ikafukuzwa ligi kuu na kushushwa mpaka Divisheni ya Kwanza. Miaka minne ya jasho ikaishia hapo.

Sasa sikia sehemu ya kuchekesha, kama utaweza kucheka. Oktoba 2023, sherehe za kitaifa za Mashujaa ziliandaliwa Kericho Green Stadium, na uwanja ukafanyiwa ukarabati mkubwa kwa ajili ya hiyo siku. Uwanja mzuri ukapatikana wakati timu ya ligi kuu iliyokuwa inautumia haiko tena.

Ndiyo maana mpango wowote usiokuwa na uwazi ni hatari. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi minne ni rahisi kununuliwa. Unaweza kuwa na kocha, miche na uwanja, lakini mizizi ikiliwa na mchwa mti utaanguka tu. Fan anayeuliza "wachezaji wamelipwa?" hana kiherehere. Huyo ndiye mlinzi wa shamba.

Na subira je?

Mtu wa Kisii atakwambia subira ni kitu anachokijua kwa jina. Shabana, maarufu kama Tore Bobe, walishuka kutoka ligi kuu 2006. Walirudi 2023. Miaka 17. Kijana aliyezaliwa mwaka walioshuka alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho waliporudi.

Wasee wa Sotik wamekaa karibu na hii story kuliko wengi, Kisii ni hapo tu. Na funzo lake liko pande mbili. Kwanza, fans hawakuhama. Klabu yenye watu nyuma yake haifi haraka, hata ikiwa ligi ya chini. Pili, miaka 17 ni mingi sana. Subira iliifanya Shabana isife, lakini subira peke yake haikuipandisha. Fan akisubiri bila kuuliza chochote, viongozi nao wanazoea kutoulizwa.

Basi wikendi hii ukiingia hoteli na ile vita ianze tena, usipige kelele tu. Uliza haya matano: Tumepanda hatua gani tangu mwaka jana? Kocha akienda, nini kinabaki? Pesa ikikatika upande mmoja, kuna upande wa pili? Watoto wako wapi? Na vitabu viko wazi?

Klabu ikipata majibu matatu kati ya hayo, mpe mwenzako wa Arsenal ama wa Man U heshima yake, mwambie ana haki ya kusubiri. Ikikosa yote, mwambie pole pole, bila kumtusi, kwamba hilo shamba halijapogolewa. Limeachwa.

Na siku timu nyingine ya huku kwetu itapanda ligi kuu, iwe ya Kericho ama ya Bomet, usingoje ianze kuporomoka ndio uulize. Uliza siku ya kwanza, ukiwa bado unashangilia.