Muulize mwanao: rangi ya kitu gani?

Binti yangu alipotimiza miaka 14 aliomba zawadi moja tu: chumba chake kipakwe rangi nyeusi, kuta zote nne. Nilimkatalia papo hapo. Akaingia chumbani na kufunga mlango. Siku ya tatu ya kununiana nilipiga hodi, nikaketi kitandani kwake, nikamuuliza kwa nini nyeusi. Akanijibu, "Mama, chumba hiki kina rangi ya sebuleni."

Alisema kweli. Rangi ya maziwa iliyokuwa ukutani kwake ndiyo iliyokuwa sebuleni, koridoni na jikoni, kwa sababu tulipohamia fundi alinunua ndoo za lita 20 akapaka nyumba nzima kwa mpigo. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa amelala ndani ya uamuzi wa watu wengine. Sasa alitaka ukuta wa kwake.

Nimegundua kwamba wazazi wengi tunakosea pale pale. Kijana anataja jina la rangi, sisi tunajibu "ndiyo" au "hapana", na hakuna aliyeuliza anatafuta nini. Kumbe lugha yetu wenyewe imetuwekea swali la kuuliza.

Majina yaliyotokana na vitu

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema ukuta mweupe, mapazia meusi, mlango mwekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziita kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia imetoka kwenye kahawa, zambarau ni tunda, feruzi ni jiwe, manjano ni kiungo kile kile tunachotia kwenye mchuzi. Mswahili akitaja rangi anakuonyesha kitu alichowahi kukiona kwa macho yake.

Basi nikamuuliza binti yangu: rangi ya kitu gani? Alifikiri kidogo, akasema bahari ya Msasani saa moja kasoro jioni, ngalawa zikiwa zimetulia. Hapo tukawa tumetoka kwenye nyeusi na kufika kwenye nili, bila mtu kumshinda mwenzake.

Swali hilo lina faida kuliko hoja tunazozoea kuwapa watoto, kwamba rangi fulani hutuliza akili na nyingine huleta hasira. Mwaka 1979 huko Seattle, Marekani, seli za gereza la jeshi la wanamaji zilipakwa pinki kwa imani kwamba ingewapoza wafungwa wakorofi. Rangi hiyo ikaitwa Baker-Miller, kwa majina ya maofisa wawili waliokubali jaribio hilo. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba pinki ina nguvu hiyo. Hata desturi ya pinki kwa wasichana na buluu kwa wavulana si ya kale: mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini humo humo lilishauri kinyume chake. Mwana wako wa kiume akipenda waridi, mwache.

Rangi huchaguliwa chumbani

Kosa la pili ni kuchagua rangi dukani. Kile kipande kidogo kwenye katalogi, chini ya taa za duka, hakifanani na ukuta mzima nyumbani. Chumba cha binti yangu kina dirisha la magharibi. Jua la alasiri huingia likiwa na wekundu, na mwanga wa namna hiyo hufifisha buluu ukaielekeza kwenye kijivu. Taa ya njano usiku hufanya vivyo hivyo, ilhali taa nyeupe huamsha buluu na kuipoozesha manjano.

Kwa hiyo nunua kopo dogo kabisa. Paka kipande cha nusu mita kwa nusu mita kwenye kuta mbili, mmoja unaotazama dirisha na mwingine ulio pembeni mwa dirisha. Mwache kijana akitazame asubuhi, mchana na usiku kwa siku mbili. Nili yetu ya kwanza ilipendeza dukani, lakini ilipofika saa kumi jioni ilionekana kama wino uliomwagika. Aliyeikataa alikuwa binti yangu mwenyewe. Tukarudi kuchukua iliyo hatua mbili juu yake kwa wepesi.

Chumba chenye dirisha dogo kinahitaji msaada zaidi. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Mafundi wa zamani waliweka plasta nyeupe ya chokaa, ikaupokea mwanga kidogo uliopo na kuusambaza hadi ndani. Nasi tulifuata busara hiyo: kuta tatu zikawa nyeupe yenye dalili ya samawati, na nili ikakaa ukuta mmoja, ule wa kichwani mwa kitanda.

Hesabu inayomaliza ubishi

Ukuta mmoja huokoa fedha pia. Lita 1 ya rangi ya maji juu ya ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kina mita za mraba 36 za kuta. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Kwa mikono miwili utahitaji lita 6 na nusu hivi. Lakini ukuta mmoja mzima ni mita za mraba 9, na lita 2 zinautosha. Kijana akija kuichoka nili yake akiwa na miaka 17, utakaopakwa upya ni ukuta mmoja. Ila ujue kwamba kuirudisha rangi nzito kwenye nyeupe hudai andakoti kwanza, na huenda na mkono wa tatu.

Kuta za kijana huguswa, huegemewa na hubandikwa picha. Rangi ya maji isiyong'aa huficha mabonde ya plasta, lakini hushika alama za mikono. Ya silki inafutika kwa kitambaa chenye maji, ingawa huanika kila kasoro, hivyo fundi apige msasa vizuri kabla. Plasta mpya iachwe ikauke kama wiki nne. Ukuta unaotoa chumvi utibiwe unyevu wake kwanza, maana hakuna rangi itakayodumu juu yake.

Usalama kwanza

Jambo moja mzazi asikubali mjadala. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu na chungwa kali, zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa inapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni ndani ya rangi. Soma kopo, na kama halisemi chochote kuhusu risasi, tafuta lingine. Kama ukuta una rangi ya zamani ya mafuta, usiupige msasa mkavu. Uloweshwe kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wasiwepo. Kazi ikiisha, acha madirisha wazi na kijana alale kwingine siku mbili tatu.

Wenye chumba kimoja, wenye kupanga

Najua watoto wengi hawana chumba cha peke yao. Ndugu wawili wanaweza kupewa ukuta mmoja mmoja, kila mmoja upande wa kitanda chake, na kuta zilizobaki zikawa nyeupe ya kuwapatanisha. Kwenye nyumba ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kununua kopo. Akikataa, paka rangi mlango wa kabati au rafu ya vitabu. Ukubwa wa eneo si hoja. Hoja ni kwamba mtoto ameulizwa, amejaribu, amekosea kwa kipande cha nusu mita na kujirekebisha mwenyewe. Huko mbele atafanya maamuzi makubwa kuliko rangi, na ni heri aanze kuyazoea akiwa bado yuko mkononi mwetu.

Fundi alipomaliza nilimwagiza binti yangu ahifadhi rangi iliyobaki pamoja na namba ya mchanganyiko, ili siku ukuta ukichubuka tupate ile ile. Alinakili namba juu ya kifuniko. Chini yake, kwa herufi kubwa, akaandika jina ambalo halimo katika katalogi yoyote: Msasani, saa moja kasoro.