Mlinzi Akibadilishiwa Sheria, Mshambuliaji Hubadili Kazi

NDUGU msomaji, utazamapo mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, macho yako bila shaka huufuata mpira. Hebu safari hii mwangalie asiye nao, yaani mlinzi. Mahali aruhusiwapo kusimama ndipo panapoamua mshambuliaji atafanya kazi gani.

Kwa zaidi ya nusu karne, ligi ya NBA ilikataza ulinzi wa eneo. Kila mlinzi alipaswa kumwandama mtu wake. Makocha waliigeuza sheria hiyo kuwa silaha: nyota mmoja alipewa mpira upande huu wa uwanja, wenzake wanne wakajitenga upande wa pili. Walinzi wao hawakuwa na budi kuwafuata huko, wasiweze kutoa msaada. Wawili wakipambana, wanane walitazama.

Mwaka 2001 katazo hilo liliondolewa. Mlinzi aliruhusiwa kulinda eneo, kwa sharti kwamba asikae mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu ikiwa hamkabili mshambuliaji kwa karibu. Wako waliohofu kwamba pointi zingekauka, na mwanzoni hofu yao haikuwa ya bure: katika msimu wa 2003-04 kila timu ilipata wastani wa pointi 93 tu kwa mchezo. Ndipo mwaka 2004 waamuzi walipoagizwa kuwa wakali kwa mlinzi amzuiaye mwenye mpira kwa mikono. Msimu uliofuata wastani ulipanda hadi 97, na Phoenix Suns, wakiongozwa na Steve Nash, hodari wa kugawa pasi, walishinda michezo 62 kati ya 82.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyota aliyezingirwa na walinzi watatu hana budi kumtafuta mwenzake aliye wazi, na huyo naye hana budi kujua kulenga kutoka mbali. Msimu wa 2000-01 kila timu ilijaribu mitupo ya pointi tatu ipatayo 14 kwa mchezo. Msimu wa 2023-24 ilifikia 35, na wastani wa pointi ukapita 114.

Lakini kila badiliko lina wa kulilipia. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Aliingia katika ligi ambamo mtu mrefu hakuruhusiwa tena kupiga kambi chini ya kikapu.

Basi, mzazi mwenye kijana mrefu, usiridhike na kimo chake. Mhimize ajifunze pia kukimbia, kutoa pasi na kulenga. Sheria yaweza kubadilika kesho. Mwenye ujuzi wa kazi nyingi ndiye atakayebaki uwanjani.