Mkojo Unavyofichua Zebaki Iliyomo Kwenye Krimu

Wiki hii tutazungumza kuhusu jambo ambalo najua watoto watalichekea: mkojo. Chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa shuleni alinisubiri baada ya darasa. Ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja. Alitoa mkobani kopo la krimu ya kung'arisha ngozi. Halikuwa na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo ndani. Alikuwa ameipaka karibu mwaka mzima. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni nesi. Nikipima mkojo nitajua kama nina sumu mwilini?" Jibu ni ndiyo, ila kuna mambo ya kuelewa kwanza.

Kwa nini mkojo?

Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki. Hii ndiyo metali ya majimaji iliyokuwa ikionekana ndani ya vipimajoto vya zamani. Kwenye krimu huwezi kuiona iking'aa, kwa sababu imeshaungana na kemikali nyingine. Ukiipaka, hupenya ngozi, huingia kwenye damu, na damu huipeleka kwenye figo.

Watoto, mmemwona bibi akichuja tui la nazi? Figo ni kama lile chujio. Kila siku zinachuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Zebaki ya krimu hupenda kukaa kwenye figo na kutoka polepole. Huchukua takriban miezi miwili kwa nusu yake kuondoka mwilini. Kwa hiyo mkojo wa leo unaweza kutuambia ulichopaka miezi michache iliyopita.

Jambo hili tunalijua kutoka kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya mwili uvimbe na protini nyingi itoke kwenye mkojo. Wagonjwa 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu! Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na bado krimu za namna hiyo zinauzwa kwa siri, hata hapa London, ingawa sheria ya Uingereza inazikataza.

Kikombe cha ukwaju

Watoto, jaribuni hivi nyumbani. Tia kijiko kimoja cha ukwaju kwenye kikombe, na kijiko kingine kwenye jagi kubwa la maji. Kikombe kitakuwa kikali na jagi litakuwa jepesi, lakini ukwaju ni ule ule. Mkojo nao ni hivyo. Ukinywa maji mengi, zebaki itaonekana kidogo. Ukiwa na kiu, itaonekana nyingi. Ndiyo maana maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kiasi kinachokaribiana kila siku. Wakilinganisha zebaki na kreatinini, wanajua kama wamepata "kikombe" au "jagi".

Si kila metali hupimwa kwa mkojo

Zebaki ya samaki ni ya aina nyingine. Hiyo hutoka zaidi kwa choo kubwa, na hupimwa vizuri kwa damu au nywele. Risasi nayo hupimwa kwa damu. Kule Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua mtaa kwa risasi, na ni vipimo vya damu vilivyoonyesha kwamba watoto wameathirika. Phyllis Omido, mama aliyeongoza mapambano hayo, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Kina mama wajawazito, hapa nawalenga ninyi. Udongo wa kula tunaotumiwa kutoka nyumbani unaweza kuwa na risasi na aseniki. FSA, idara inayosimamia usalama wa chakula Uingereza, inawashauri wajawazito wasile. Kama umekuwa ukiula, mwambie mkunga wako bila aibu. Yeye ndiye atakayejua kipimo kinachokufaa.

Aseniki hupimwa kwa mkojo, lakini ina mtego. Ukila pweza, kamba au samaki wa baharini, kipimo kinaweza kupanda kwa sababu ya aseniki ya chakula hicho, ambayo haina madhara makubwa. Kwa hiyo utaambiwa uache vyakula vya baharini siku kadhaa kabla ya kupima.

Jihadharini na "kusafisha sumu"

Yule mama alikuwa ameona tangazo: unalipa, unakunywa dawa ya kuvuta metali mwilini, kisha mkojo wako unapimwa. Nilimwomba asifanye hivyo. Kila mmoja wetu ana metali kidogo mwilini. Ukinywa dawa ya kuzivuta, zitatoka nyingi hata kama u mzima. Kisha majibu yako yanalinganishwa na ya watu ambao hawakunywa dawa, nawe unaambiwa una sumu na ununue dawa zaidi. Wataalamu wa sumu wanakipinga kipimo cha namna hii.

Hasara si ya pesa tu. Mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 kutoka Uingereza alifariki Marekani baada ya kudungwa dawa ya kuvuta metali, kwa matumaini kwamba ingemsaidia usonji wake. Dawa hizi zipo hospitalini na zinaokoa watu wenye sumu kweli, lakini daktari huzitoa baada ya kipimo sahihi.

Ukiwa na wasiwasi, fanya hivi

1. Acha krimu leo. Kama lebo ina maneno "mercury", "mercurio" au "calomel", au inasema isiguse dhahabu na fedha, usiipake tena.
2. Funga kopo kwenye mfuko na umwonyeshe daktari wako. Usilitupe kwenye taka za nyumbani; iulize kaunsili yako mahali pa kulipeleka.
3. Osha mikono vizuri kabla ya kutoa mkojo. Krimu ya vidoleni ikiingia kikoponi, maabara itapima vidole vyako badala ya figo.
4. Tumia kikopo ulichopewa kliniki, si chupa ya nyumbani.
5. Mwambie daktari kuhusu watoto pia. Zebaki hubaki kwenye taulo, mashuka na mikono, na mtoto anayebebwa huipata bila kupaka chochote.

Yule mama amekwenda kwa daktari wake na kopo lake mkononi, na sasa anasubiri majibu. Amewafulia wanawe taulo na mashuka yote. Tumwombee heri.

Maneno ya wiki hii

Zebaki: metali ya majimaji, rangi ya fedha.
Figo: viungo viwili vinavyochuja damu.
Maabara: chumba cha kufanyia vipimo.
Mkunga: mtaalamu anayemhudumia mjamzito na kuzalisha.

Watoto, Jumamosi ijayo kila mmoja aniletee sentensi moja yenye neno "figo". Na msisahau jagi la ukwaju.