Kaseti ya mkutano: nakili kwanza, bishana nyuma

Wazee walipatana juu ya mpaka wa mashamba, maneno yao yakabaki ndani ya kaseti. Leo wengine wamekufa na ubishi umerudi. Mbele ya kuicheza, vunja vile vijino viwili vya plastiki ku mgongo wake, ili mtu asirekodi tena juu yake. Safisha kichwa cha mashini na pamba yenye alkoli, kikauke. Utepe ukilegea, ukaze polepole na kalamu. Kisha icheze mara moja, telefone ikirekodi pembeni. Ile ya dakika 90 inageuzwa kisha dakika 45. Wote wasikilize nakala. Kaseti yenyewe iandikwe tarehe, ikae pakavu, mbali na jua na sumaku ya spika.