Bungoma, Kitale na vita vya mbali

Ukitaka kujua kama vyama vya Kenya vinatofautiana kuhusu ulinzi na mambo ya nje, tazama magharibi mwa nchi. Oktoba 2011, jeshi lilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Moses Wetang'ula wa Bungoma, naye Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu. Julai 2014, wawili hao wakiwa upinzani chini ya CORD, muungano wao ulidai wanajeshi warudishwe nyumbani. Chama cha Wetang'ula, Ford-Kenya, hakikuwa kimebadilika; kilichobadilika ni kiti. Kitale nayo ilimtoa Eugene Wamalwa, aliyekabidhiwa Wizara ya Ulinzi mwaka 2021, lakini ni nani anayekumbuka sera ya ulinzi ya chama chake?

Atatokea wa kusema kwamba hali ilikuwa imebadilika, kwani shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliua watu 67. Hoja hiyo ina uzito, na kubadili msimamo si dhambi. Ila aliyeshiriki kupeleka jeshi anadaiwa maelezo: alikosea wapi, na mpaka ungelindwaje baada ya kuondoka? Majibu hayo yanafaa kuandikwa kwa kina katika ilani, si kuachiwa majukwaa ya siasa. Ibara ya 240 ya Katiba inataka Bunge liidhinishe jeshi kutumwa nje ya nchi, iwe kulinda amani au kwa operesheni nyingine za kijeshi. Basi mgombea ubunge akija sokoni Chwele au Kitale, muulize atapigaje kura siku Bunge litakapoombwa idhini hiyo.