Ghasia Isiyotokana na Mbio

Mpishi ainuapo mwiko katika chungu cha mlenda huona uzi mrefu ukining'inia, nao ukikatika, sehemu ya juu hurukia mwikoni ulikotoka. Ilhali asali, ijapokuwa nzito kuliko mlenda, ikikatika hudondoka tu, haina habari ya kurudi nyuma. Asali ina mnato peke yake, bali mlenda una mnato na unyumbufu pamoja, na tofauti hiyo ndiyo asili ya jambo la ajabu lionekanalo katika mifereji iliyo myembamba kama unywele.

Tangu mwaka 1883, Osborne Reynolds alipopitisha maji yenye mchirizi wa rangi katika mabomba ya kioo huko Manchester, wataalamu wamefahamu kwamba mkondo huwa mtulivu maadamu mnato unaushinda msukumo wa mwendo, na hugeuka ghasia mbio zikizidi. Kwa kanuni hiyo, mfereji mwembamba ni mahali pa amani: maji ya aina mbili yakiingizwa humo huenda ubavu kwa ubavu, wala hayachanganyiki ila kwa kupenyezana taratibu.

Lakini ukitia polima, ambazo ni molekuli ndefu mithili ya nyuzi zilizojikunja, maji hupata unyumbufu kama wa mlenda, na mkondo huzinyoosha. Na zikinyooshwa upesi kuliko ziwezavyo kujikunja tena, hukaza. Penye kona mkazo huo hufuata mviringo wa njia na kuibana giligili kuelekea ndani, kama mshipi kiunoni, hata mtikisiko mdogo ukipata nafasi hukua badala ya kufifia. Kipimo cha kunyooshwa huko huitwa namba ya Weissenberg.

Mwaka 2000 watafiti Groisman na Steinberg walitia polima kiasi cha gramu 80 tu kwa kila tani ya shira ya sukari, wakaizungusha polepole kwa sahani, nayo ikachafuka kama mto wa mafuriko, na ukinzani wake ukapanda takriban mara 20. Mwaka uliofuata wakaitumia fujo hiyo kuchanganya giligili katika mfereji wa kupindapinda.

Hivyo fujo hii ni neema kwa atakaye kuchanganya dawa katika tone moja, na ni hasara kwa atakaye kupima kwa usahihi. Basi mwenye kuchora mfereji asiulize mbio za giligili peke yake. Aulize pia polima zake huchukua muda gani kujikunja, na njia ina kona ngapi.