Karatasi ya Picha: Weupe Usimdanganye Mnunuzi

Picha ya marehemu nyanya huchapishwa upya, ikawekwa fremu na kutundikwa sebuleni. Miaka michache baadaye imegeuka manjano na uso umepauka. Lawama huiendea printa, ilhali mara nyingi kosa lilianza dukani, karatasi iliponunuliwa.

Wateja wengi huchagua karatasi nyeupe kupita zote. Weupe huo aghalabu hutokana na kemikali za kung'arisha, zile zile zinazotiwa kwenye sabuni za unga ili nguo zionekane safi. Hunyonya miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kutoa mwanga wa samawati. Nguvu yake inapokwisha, karatasi hurudia rangi yake ya asili. Kipimo chake ni rahisi: taa ya kukagulia noti bandia, ambayo maduka mengi yanayo. Karatasi yenye kemikali hizo huwaka samawati chini ya taa hiyo. Isiyo nazo hubaki imefifia.

Jambo la pili ni malighafi. Karatasi bora za sanaa hutengenezwa kwa pamba, ambayo haina lignini, yaani gundi ya asili ya mti inayofanya magazeti ya zamani kuwa manjano. Zilizotengenezwa kwa mbao zilizosafishwa vizuri, bila asidi, hugharimu kidogo zaidi ya zile za kawaida na hudumu pia. Kwa picha za albamu au za kugawia wageni, karatasi ya kawaida ya studio yenye tabaka la plastiki inatosha. Kulipia pamba hapo ni kupoteza pesa.

Uzito nao huchanganya watu. Karatasi ya ofisi ina gramu 80 kwa mita mraba. Photo Rag ya kampuni ya Hahnemühle ya Ujerumani ina gramu 308. Uzito huifanya isijikunje, lakini hauiongezei miaka, na si kila printa inayoweza kuipitisha.

Mteja amuulize fundi kuhusu wino pia. Wino wa chembechembe za rangi, yaani pigmenti, hustahimili mwanga kuliko ule wa rangi iliyoyeyushwa. Karatasi isiyong'aa huhitaji wino mweusi ulioundwa kwa ajili yake. Ukitumika ule wa karatasi zinazong'aa, weusi hutoka kijivu, na uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi hupoteza umbo kabisa. Kipande kimoja cha majaribio huonyesha hilo kabla pakiti nzima haijaharibika.

Katika kaunti za Pwani, unyevu wa hewa hufanya kingo za karatasi zipinde na kugusa kichwa cha printa. Zihifadhiwe zikiwa zimelala ndani ya pakiti yake iliyofungwa. Nyingi hupakwa dawa ya kushika wino upande mmoja tu: kidole chenye unyevu kikigusa pembeni, upande huo hunata kidogo.